Sufuria ya begi la dharura: hesabu maji kwanza

Watu wengi wakiandaa begi la dharura hununua sufuria mwisho. Begi limeshajaa tochi, dawa, redio na nguo, imebaki nafasi ya ngumi mbili, basi inatafutwa sufuria ya kuziba ile nafasi. Mimi nilifanya hivyohivyo. Nilinunua kikombe cha titaniamu cha mililita 750, chepesi kama karatasi, nikajiona mjanja. Jioni moja nikatoka nacho nje nikipikie wali kwenye jiko dogo la gesi. Chini kukawa ukoko mweusi, juu punje bado zinagonga meno, na mikono ya kikombe ilipata moto hadi nikaepulia soksi. Kikombe chenyewe hakikuwa na kosa. Kilitengenezwa kwa kazi nyingine, ya kumchemshia maji mtu mmoja anayepanda mlima na kurudi keshokutwa.

Siku utakapolifungua begi la dharura, huenda bomba limekauka au maji yanayotoka hayaaminiki, umeme hakuna, na anayesubiri kula si wewe peke yako. Kwa hiyo sufuria hiyo ni chombo cha kuchemshia maji kwanza, kupika ni kazi yake ya pili. Mpangilio huo ndio nitakaoufuata hapa.

Hatua ya 1: Hesabu maji yatakayopita ndani yake

Viwango vya Sphere, ambavyo mashirika ya misaada huvitumia, vinakadiria kuwa mtu mmoja huhitaji lita 2.5 hadi 3 kwa siku kwa ajili ya kunywa na chakula tu. Kuoga na kufua havimo. Watu wanne, basi, ni lita 10 hadi 12.

Sasa turudi kwenye kikombe changu. Mililita 750 zilizoandikwa kwenye boksi hupimwa hadi ukingoni kabisa. Ukijaza kiasi hicho, maji yakichemka yanafurika na kuzima moto. Unachoweza kukitumia kwa amani ni kama robo tatu, yaani mililita 550 hivi. Gawanya lita 12 kwa kipimo hicho utapata mizunguko 22. Kila mzunguko una kuchemsha, kuepua, kumimina na kuanza upya, na siku nzima itaishia hapo, umechuchumaa mbele ya jiko.

Kwa mtu mmoja, sufuria ya lita 1 inatosha bila bughudha. Kwa wawili tafuta ya lita 1.3 hadi 1.5. Kwa watu wanne usishuke chini ya lita 2, na ikifika 3 hutajuta hata kama begi litalalamika. Wenye familia kubwa wananufaika zaidi na sufuria mbili zinazoingiana, kubwa ya maji na ndogo ya chakula, kwa sababu zikifungwa zinachukua nafasi ya moja, na chakula kikiganda kwenye moja, nyingine inaendelea kutoa maji safi.

Kuhusu kuchemsha kwenyewe: maji yakishaanza kutibuka kwa nguvu, mapovu makubwa yakipanda bila kukoma, yaache hivyo dakika 1. Ukiwa mahali palipo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, yaache dakika 3, maana huko maji huchemka yakiwa na joto pungufu, kwa makadirio nyuzi 1 ya Selsiasi kwa kila mita 300 unazopanda. Kuendelea kuchemsha dakika kumi, kama wengi tulivyofundishwa, ni kuchoma nishati bure. Maji yenye tope yachuje kwanza kwa kitambaa safi au yaache yatuame. Halafu fahamu kuwa moto unaua vijidudu tu. Hauondoi kwa uhakika petroli wala dawa za kuulia wadudu, na chumvi na madini mazito hubaki vilevile, tena yanazidi kukolea kadiri maji yanavyopungua kwa mvuke. Maji yanayonuka mafuta hayana dawa kwenye sufuria yoyote.

Kama kuna mtoto mchanga anayetumia maziwa ya unga, Shirika la Afya Duniani linaelekeza unga huo uchanganywe na maji yasiyopungua nyuzi 70, kisha maziwa yapozwe kabla ya kumpa. Hapo ile sufuria ndogo ya pili inakuwa ya lazima. Itenge kwa kazi hiyo tu.

Hatua ya 2: Amua moto kabla ya sufuria

Duka litakuuliza unataka sufuria gani. Swali la kujiuliza kabla ya hapo ni utaiweka juu ya nini.

Kupandisha lita 1 ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 kunahitaji kilojuli 335. Kama joto lote la gesi lingeingia kwenye maji, gramu 7 zingetosha. Lakini karibu nusu hupotea pembeni, kwa hiyo panga gramu 12 hadi 15 kwa lita, na upepo ukivuma huzidi hapo. Kikopo cha gesi cha gramu 230, kile cha kufunga kwa hesi, kinakupa lita 15 hadi 19 za maji yaliyochemka. Familia ya watu wanne inakimaliza kwa siku moja na nusu.

Hesabu hiyo ndiyo iliyonibadilisha mawazo. Ina maana kwamba nyumba yenye watu kadhaa, dharura ikipita siku tatu, karibu lazima iishie kwenye kuni au mkaa, isipokuwa kama ina akiba kubwa ya gesi au inatibu sehemu ya maji kwa vidonge vya klorini. Basi sufuria yako iwe ya kustahimili moto wa kuni hata kama leo unalo jiko la gesi linalong'aa. Sufuria inayokubali moto mmoja tu ni anasa.

Vidonge vya moto vilivyo katika mifuko mingi ya dharura ni vya heksamini. Mjerumani Erich Schumm alivibuni mwaka 1936, na hadi leo havijabadilika sana. Kidonge cha gramu 14 huwaka kama dakika 12 na kuchemsha takriban nusu lita. Vinafaa kwa kikombe cha mtu mmoja, na vinaacha masizi yanayonata kama lami. Majiko ya spiriti yana utulivu wake, ila ndimi zake hazionekani vizuri mchana. Mtu hudhani moto umezimika, anaongeza spiriti, na hapo ndipo ajali hutokea. Jiko likionekana limezimika, subiri lipoe kabisa kabla ya kuongeza chochote.

Kwa moto wa aina yoyote, pika nje. Gesi, mkaa na spiriti vyote vinaweza kutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na mkaa ndio unaoua watu wengi wakati umeme umekatika na baridi imewabana ndani. Kufungua dirisha hakutoshi.

Hatua ya 3: Chagua madini

Hapa wauzaji wana maneno mengi. Kwa kweli uko kati ya vitu vitatu.

Alumini inasafirisha joto vizuri kupita wenzake, zaidi ya mara kumi ya chuma cha pua. Chakula kinaiva sawasawa na gesi inapungua. Ni nyepesi na kwa kawaida ndiyo rahisi kununua. Udhaifu wake ni ulaini: inabonyea ikigandamizwa ndani ya begi, na kifuniko kilichobonyea hakikai tena. Inayeyuka kwenye nyuzi 660, joto ambalo mkaa unaopulizwa hewa unaweza kulifikia, kwa hiyo usiiache tupu juu ya makaa. Vyakula vichachu kama nyanya na limau huila taratibu, basi usivilaze humo usiku. Ile iliyotiwa ngozi ngumu ya kijivu kiwandani haina tatizo hilo kwa kiasi kikubwa. Nunua iliyotoka kiwandani inayoeleweka. Sufuria zilizosubuliwa kienyeji kutokana na vyuma chakavu zimepimwa katika nchi kadhaa na kukutwa zikitoa risasi, madini yenye sumu, kwenye chakula, na risasi haina kiwango salama kinachojulikana, hasa kwa watoto.

Chuma cha pua, kile kisichoshika kutu, ni kizito, karibu mara tatu ya alumini kwa ujazo uleule, na joto linatembea ndani yake kwa uvivu, hivyo chakula kizito hushika chini kama hukikorogi. Lakini kitupe kwenye kuni, kisugue kwa mchanga na majivu, kiangushe kwenye jiwe, kipikie nyanya, kitaendelea na kazi. Kwa begi la dharura la familia, hiki ndicho ninachokipendekeza, na uzito wake nausamehe. Begi lenyewe kwa sehemu kubwa litakaa kabatini au ndani ya gari. Hulipandishi mlima.

Titaniamu ni kati ya hivyo viwili kwa uzito wa madini, ila kwa kuwa ni ngumu hutengenezwa nyembamba sana, karibu nusu milimita, ndiyo maana sufuria yake huwa nyepesi kuliko zote. Wembamba huo, pamoja na uhafifu wa kusafirisha joto, ndio ulioniunguzia wali: palipoguswa na moto paliungua, sentimita mbili pembeni pakabaki baridi. Inunue kama una hakika utachemsha maji matupu na kumimina kwenye chakula kikavu cha pakiti, na kama begi ni la kubebwa kwa miguu kilomita nyingi.

Zile za kupakwa utando usioshika chakula ziache nyumbani. Utando huo huanza kuharibika joto likipita nyuzi 260 hivi, na sufuria tupu juu ya moto mkali hufika huko ndani ya dakika chache. Kijiko cha chuma kinauchuna, na ndani ya begi kila kitu ni cha chuma. Vyombo vya enameli vinapika vizuri, ila vikigongwa humeguka na chuma cha ndani kinaanza kutu.

Jambo moja ambalo si la mjadala: kikombe chenye kuta mbili, au chupa ya kutunza joto, kamwe kisiwekwe motoni. Hewa yoyote iliyofungiwa katikati hutanuka na chombo kinaweza kupasuka. Ndoo ya bati lililopakwa zinki nayo usiipikie hata kama ndiyo pekee iliyobaki uani.

Hatua ya 4: Angalia umbo

Sufuria fupi na pana hunasa moto mwingi kuliko ndefu na nyembamba yenye ujazo uleule. Kwa upande mwingine, ile ndefu huingia begini kirahisi na hukubali vitu ndani. Kwa nyumba ya watu kadhaa nachagua pana. Kwa mtu mmoja mwenye jiko dogo, kipenyo cha sentimita 11 hadi 13 ni mapatano mazuri.

Usitegemee namba ya kwenye boksi. Chukua rula: nusu ya kipenyo zidisha kwa yenyewe, zidisha kwa 3.14, kisha zidisha kwa kimo. Sufuria ya kipenyo cha sentimita 14 na kimo cha 7 inakupa mililita 1,077. Ya kipenyo cha 10 na kimo cha 10 ni 785 tu, japo ukiziweka pamoja dukani ile ndefu ndiyo inayoonekana kubwa. Macho hudanganywa na kimo.

Kisha linganisha kitako na jiko. Ndimi za moto zikipanda pembeni mwa sufuria, unapasha hewa na kuchoma mikono ya sufuria. Kwenye jiko la gesi, punguza moto hadi ubaki chini ya kitako. Maji yatachelewa kidogo lakini gesi itadumu. Kitako kiwe bapa. Kilichotuna katikati kinayumba juu ya miguu mitatu ya jiko, na lita 2 za maji yanayochemka zikimwagikia mguu wa mtu wakati hospitali haifikiki ni dharura nyingine juu ya ile ya kwanza.

Kuna sufuria zenye mapezi ya chuma chini ya kitako ya kunasia joto. Kwa gesi zinapunguza matumizi kwa kiasi cha kuonekana. Kwenye kuni mapezi hayo hujaa masizi na yanaweza kuharibika, kwa hiyo zinarudi kwenye lile kundi la moto mmoja.

Hatua ya 5: Kifuniko na mikono

Usinunue sufuria isiyo na kifuniko. Bila kifuniko mvuke unaondoka na joto ulilolilipia. Kiwe cha chuma, kikae vizuri bila kubana, na kishikio chake kisiwe plastiki. Vitundu vya kuchujia vinasaidia sana kwa tambi na wali, mradi viwe upande mmoja tu. Kifuniko bapa cha chuma kina faida ya ziada kwenye moto wa makaa: unaweza kukipalia makaa juu, wali ukakauka bila kuungua chini. Sufuria ya chuma cha pua inavumilia hilo bila shida.

Mikono inayokunjwa pembeni ni mizuri kwa jiko la gesi. Kwa kuni unahitaji mkono wa juu, ule wa waya kama wa ndoo, ili uweze kuitundika au kuiepua kwa kijiti bila kuingiza vidole motoni. Sufuria yenye vyote viwili ikipatikana, ichukue. Mpira wa silikoni kwenye mikono unapendeza, ila kwenye ndimi za kuni unaungua. Ning'iniza sufuria ikiwa imejaa maji baridi papo hapo dukani kama watakuruhusu, au nyumbani kabla muda wa kurudisha haujapita, uone kama mikono inateleza au kujikunja. Mikono iliyopigwa ribiti imara ni afadhali kuliko iliyobandikwa kwa nukta moja ya kuchomelea.

Mdomo mdogo wa kumiminia utauthamini utakapojaza chupa yenye shingo nyembamba gizani.

Hatua ya 6: Itumie kama kabati

Nafasi ya ndani ya sufuria ni mali. Kikopo cha gesi cha gramu 100 kina upana wa sentimita 9 hivi, cha gramu 230 ni kama 11. Pima kabla ya kununua, maana tofauti ya milimita tatu inatosha kukifanya kigome. Ndani ya sufuria yenye kipenyo cha 12 unaweka kikopo, jiko dogo la kukunja, kiberiti kwenye mfuko usiopitisha maji na kijiko. Zungushia kitambaa cha pamba: kinazuia kelele na mikwaruzo, na siku ya kazi ndicho cha kuepulia. Soksi zangu zimestaafu.

Vidonge vya heksamini vinanuka kama samaki na ni sumu vikiliwa, kwa hiyo vifunge kwa mfuko wa zipu, mbali na chakula na watoto. Vikopo vya gesi visikae kwenye joto la zaidi ya nyuzi 50. Gari lililofungwa juani linaweza kufika huko, basi begi la kwenye gari lipewe vidonge badala ya gesi. Na usizungushie jiko la gesi kizuia upepo kinachofunika kikopo chenyewe. Kikopo kikishika moto kupita kiasi kinalipuka. Zuia upepo kwa upande mmoja tu, na ukigusa kikopo kiwe baridi au vuguvugu.

Hatua ya 7: Ijaribu kabla ya siku yake

Jaribio hili linachukua jioni moja. Toka nje na mizani ya jikoni. Pima uzito wa kikopo cha gesi, chemsha lita 1 ukiwa umefunika, angalia saa, halafu pima tena kikopo kikishapoa. Tofauti ya uzito ndiyo matumizi yako halisi, kwa sufuria yako, kwa jiko lako. Ukipata gramu 25, moto ulikuwa mkubwa mno, au upepo, au sufuria ni nyembamba kuliko jiko. Rekebisha, rudia.

Kisha pika kitu kizito ambacho watu wako hukila. Kichemshe, kizime kabla hakijaiva kabisa, funika, vingirisha sufuria kwa blanketi au taulo nene na uiache nusu saa. Nafaka nyingi humalizia kuiva kwa joto lililobaki, bila gramu moja ya gesi zaidi. Ukishaujua muda wa chakula chako, andika. Kabla ya kuvingirisha, hakikisha kitako hakina kaa lililonata.

Jaribio la mwisho ni la kuni, juu ya mawe matatu. Paka sabuni ya maji nje ya sufuria kabla ya kuiweka. Masizi yatakaa juu ya sabuni na kutoka kwa maji kidogo, jambo kubwa pale ambapo kila kikombe cha maji kina mwenyewe. Ukikuta chakula kimeng'ang'ania chini, loweka kwa maji kidogo, rudisha motoni dakika mbili, kisha kwangua kwa kijiko cha mbao.

Kwa sufuria ya chuma au titaniamu, mimina nusu lita iliyopimwa, weka alama ya mkwaruzo ndani kwa msumari usawa wa maji, kisha lita 1, weka nyingine. Ikaushe juani hadi kwenye maungio ya mikono, ndipo ufunge vitu ndani. Chukua kalamu ya wino usiofutika uandike ubavuni mwa kikopo uzito uliobaki na tarehe, kisha rudisha begi mahali pake karibu na mlango.